Dola ya Shifti ya Asubuhi

Nimefua mashuka ya Wamarekani mpaka vidole vyangu vimekosa alama. Juzi kwenye ofisi moja ile mashine ya kusoma vidole ilinikataa kabisa. Askari akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia: kazi ya kukulaza wewe pasafi.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana wa kiwanda cha mashuka hapa Buffalo mliniomba nisimulie, na mimi sipendi kusema kwenye simu kama mtu anayeongea na kisanduku, kwa hiyo naandika. Nilisoma mpaka la tatu primeri, Uvira, kule Kongo. Vita ikaja, mwalimu akakimbilia upande wake, mimi upande wangu. Donc, basi, makosa yaliyomo humu ni mali yangu, msiyaguse. Binti yangu mkubwa, Zawadi, alitaka kuyasahihisha, nikamfukuza na mwiko. Mdogo wake, Riziki, ndiye ananichapia kwenye kompyuta. Yeye Kiswahili chake hakitoshi kubishana na mimi, kwa hiyo tunaelewana vizuri. Mambo ya mshahara na vyeo hamtayaona hapa. Mshahara ulikwisha, na cheo sikukitaka, maana anayepewa cheo hupewa na funguo za choo.

Nilianzia Louisville, kwenye kiwanda cha mashuka ya hospitali. Siku ya kwanza Kiingereza changu kilikuwa neno moja, “okay”, na nililitumia mpaka wakanipa kazi ambazo hakuna aliyezitaka. Aliyeniokoa ni Bi Loretta, mama mmoja mweusi wa palepale Kentucky, mnene, mwenye sauti ya tarumbeta. Alinisimamisha mbele ya ile mashine ndefu ya pasi, mabomba yake ya moto yanazunguka kama yana njaa, akanishika mikono. Kidole gumba ndani ya pindo. Vuta kwako. Kisha achia mapema, kwa sababu mashine haijui shuka linaishia wapi na mkono unaanzia wapi. Halafu akanionyesha kwa vidole: shuka pembe nne, mtu mikono miwili. Akanitazama anione kama nimeelewa. Nilielewa. Hesabu hiyo hata wa la tatu anaiweza: kazi hii haifanywi na mtu mmoja, na wala haihitaji jeshi. Inahitaji wawili wanaovuta sawasawa.

Jambo la pili alilonifundisha ni kukung’uta kabla ya kulisha mashine. Watu wanalala na vitu. Nimekuta mkasi, nimekuta simu inaita, nimekuta paja zima la kuku limefungwa vizuri kama mtoto mchanga. Wakati mmoja tulikuta meno ya bandia, ya juu na ya chini. Tukayaweka kwenye glasi dirishani yakakaa yanatucheka mpaka mwenyewe alipokuja kuyachukua, akayavaa palepale, akatushukuru. Hiyo njo, kwa Kiswahili cha shule ndiyo, ilikuwa Louisville yangu.

Zawadi alipopata shule ya uuguzi Columbus, tukahama wote watatu. Nikapata kazi upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, kiwanda kipya cha mashuka ya mahoteli. Kilikuwa kipya hata rangi ya mlango ilikuwa bado inanata. Kumbukeni hilo, litatufaa mbele.

Pale mwenzangu wa mashine alikuwa Devi, mjane mdogo wa mwili kutoka Bhutan. Yeye Kinepali, mimi Kiswahili, katikati yetu shuka. Nyonga yake moja ilikuwa mbovu, alitembea kama anapanda ngazi ambayo haipo. Lakini mikono! Nilikuwa sijamaliza kufikiri kuvuta, yeye ameshavuta. Nilimfundisha kusema “haya, vuta”, naye akanifundisha kula achari yake ya embe mbichi na pilipili, ambayo mara ya kwanza ilinitoa machozi hata nikamkumbuka marehemu mume wangu, na sikuwa nimepanga kumkumbuka siku hiyo. Wakati wa breki tulikaa meza moja: bugali yangu, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, achari yake, mkono kwa mkono. Watu wake wengi walikuwa shifti ya mchana, na walipokuja mapema walikaa na sisi, wakamega.

Shefu wetu wa asubuhi, yaani msimamizi, alikuwa Bienvenu, kijana wa Bukavu, mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye kujua mashine ikikohoa inaumwa wapi. Jina lake maana yake ni Karibu. Sijamwona mtu mwenye jina hilo akifunga milango kama yeye. Lakini mwanzoni hakuwa mbaya. Alikuwa anatupakia asubuhi kwenye gari lake, akimshusha Zawadi shuleni kwake, njiani. Mimi macho ninayo.

Halafu akaja Erasto.

Erasto alikuwa Mtanzania, mtu wa Mbeya, anakaa kule karibu na chuo kikuu kwenye nyumba ya wanafunzi yenye makochi barazani. Alikuwa anasomea udaktari, lakini si wa kutibu. Udaktari wa kufikiri. Asubuhi alikuja kwetu kukunja mataulo ili alipe kodi, na aliyakunja vibaya sana, kama mtu anayefungasha samaki. Lakini alikuwa na heshima. “Shikamoo, mama,” kila siku. Sisi Wakongomani hatuna shikamoo, lakini nilipoizoea nikaona Mungu aliwapendelea Watanzania.

Siku moja kwenye meza nikamuuliza anaandika nini huko chuoni.

“Naandika kuhusu ufashisti, mama. Ulikotoka. Mawazo yake.”

“Hao si ndio watu wa mabuti na kupiga kelele?”

“Mabuti yalikuja baadaye. Ulianza na watu wenye vitabu waliochoka kufikiri.”

Hapo akanipata. Nikamsogezea sombe, nikamwambia aendelee. Na Bienvenu, aliyekuwa meza ya pili, akageuza kiti.

Basi Erasto akatueleza, breki baada ya breki, na alieleza vizuri, sitamsema vibaya. Alisema kulikuwa na watu Ulaya waliochoshwa na mabunge, na biashara, na maneno ya haki za kila mtu. Wakasema akili imewalegeza watu. Damu inajua kuliko kichwa. Tenda kwanza, sababu utaitafuta baadaye. Alikuwepo Mfaransa mmoja, injinia wa barabara aliyestaafu, aliyeandika kwamba watu hawasukumwi na hoja bali na hadithi kubwa, na hadithi hiyo si lazima itimie, bora iwasimamishe. Yeye aliwawazia wafanyakazi na mgomo wao. Wengine wakaja wakachukua hadithi, wakawaacha wafanyakazi. Nikasema mtu akistaafu bila wajukuu hayo ndiyo matokeo.

Alikuwepo pia profesa wa Kiitaliano. Huyo alisema mtu peke yake si kitu, anakuwa mtu kamili akiwa ndani ya Dola tu, na Dola ni kama roho moja kubwa inayotaka kwa niaba ya wote.

“Hiyo Dola inakwenda chooni kwa niaba yangu?” nikauliza.

Erasto akacheka mpaka akakwamwa na bugali. “Mama, hilo profesa hakuligusa.”

Bienvenu hakucheka. Alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza bei ya gari.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu kosa lililofanyika pale sijaliona tena mahali popote. Erasto alikuwa anatueleza ugonjwa. Bienvenu akasikia dawa.

Asubuhi moja tukamkuta amepanda juu ya toroli lililogeuzwa. “Bandugu! Shifti ya asubuhi iko mwili moja! Mimi njo kichwa!”

“Na matako ni nani?” nikauliza. Nilitaka kujua tu, kabla hatujagawana.

Akaendelea kana kwamba hakusikia. Akasema zamani shifti ya asubuhi ilikuwa tukufu. Ilipiga pasi mashuka ya marais. Taulo zake zilisimama zenyewe. Lakini maadui walituibia utukufu huo, na sasa umefika wakati wa kuurudisha. Zamani ipi? Nimewaambia rangi ya mlango ilikuwa inanata. Lakini mtaniamini nikisema watu walipiga makofi? Kulikuwa na dada mmoja alianza kulia, akisema anakumbuka. Yeye aliajiriwa baada yangu.

Tukapewa saluti: kuinua taulo ndogo ya uso, iliyokunjwa, juu ya kichwa. Tukapewa na sare. Kiwandani tulivaa bluu, yeye akataka fulana nyeusi. Bon. Kila aliyefanya kazi ya mataulo anajua yanavyotoa manyoya. Ikifika breki, ule mwili mmoja wa kutisha ulikuwa kundi la kondoo. Dereva wa lori alifungua mlango, akatuona tumesimama mistari, weupe kila mahali, tumeinua vitaulo, akaufunga tena polepole.

Kisha likaja fungu. Erasto alikuwa ametueleza kwamba jina lenyewe la ufashisti linatokana na fungu: Roma ya zamani watumishi walimtangulia mkubwa wakibeba fimbo zilizofungwa pamoja na shoka. Fimbo za kuchapa, shoka la kukata kichwa. Bienvenu akapenda sana. Fimbo hakuwa nazo, akachukua fagio zote na mopu zote za kiwanda, akazifunga kwa utepe wa gundi. Shoka meneja asingeliruhusu, kwa hiyo akachomeka mwiko wa bugali. Mwiko wangu, ule niliokuja nao kukatia bugali wakati wa breki! Akalisimamisha fungu lile mbele ya mashine ya pasi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Matokeo mnayajua. Kiwanda kizima hakikuwa na ufagio. Manyoya yakajaa sakafuni, tukawa tunatembea kama kwenye theluji ya Buffalo.

Erasto akamvuta pembeni. Nilisikia kila neno, maana nilijisogeza.

“Bwana Bienvenu, mimi nilikuwa naeleza ubaya wake!”

“Ulieleza muzuri sana, professeur.”

“Lakini mambo haya yanapingana! Unasema sisi ni wenye nguvu kuliko wote, halafu unasema tumeonewa na wote. Fikiri!”

“Kufikiri kunalegeza. Weye mwenyewe ulisema.”

Erasto akarudi kwenye mataulo yake. Siku hiyo nilimwonea huruma. Mtu amesoma miaka yote hiyo kushindana kwa hoja, halafu akutane na kitu ambacho kimekwisha kataa hoja mlangoni.

Mpaka hapo mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimeona wanaume wenye bunduki za kweli. Mwanaume mwenye fungu la mopu hakuninyima usingizi. Lakini Erasto alikuwa ameonya kwamba mambo haya hayaishi bila adui, na adui akipatikana nje, wa pili hutafutwa ndani. Wa nje walikuwa shifti ya mchana. Bienvenu akasema wanatuibia matoroli mazuri, yale ambayo magurudumu yake yananyooka. Ni kweli, lakini na sisi tulikuwa tunawaibia, njo maisha ya kiwandani. Akakataza kula nao. Meza yetu ikagawanywa kwa utepe uleule wa gundi.

Na wa ndani akawa Devi.

Alitangaza juu ya toroli. Mwili wenye nguvu haubebi kiungo kilichooza. Kuna mtu kati yetu anachechemea, watu wake ni wa mchana, anawapelekea achari. Meneja anataka kupunguza mtu mmoja. Ijumaa ya wiki inayokuja atamuuliza shefu jina, na shefu analo tayari. Devi alikuwa amesimama kando yangu, ameinua kitaulo chake kama wengine, anatabasamu, kwa sababu hakuelewa hata neno. Kodi ya nyumba yake ilitoka kwenye ile mikono miwili. Akanigusa kiwiko. “Haya, vuta?” Alifikiri hotuba imekwisha.

Jioni ile sikupika. Kumwendea meneja? Kiingereza changu bado kilikuwa “okay” na ndugu zake wachache, na shefu ndiye mkalimani. Kubishana na Bienvenu? Aliyesoma ameshindwa.

Jumapili baada ya misa, mlango ukagongwa. Alikuwa muzee mmoja wa heshima, baba mdogo wa Bienvenu, na kofia mkononi na kreti ya soda. Bienvenu alikuwa amebaki kwenye gari, kama inavyotakiwa. Muzee akakaa, akasifia pazia, akaulizia afya ya watu niliowasahau, kisha akasema wamepita njiani wakaona ua kwenye uwanja wangu.

Zawadi alikuwa jikoni amesimama tuli kama friji. Nilikuwa nimeshamuuliza zamani kama anamtaka yule kijana, akajibu, “I guess”, na mtoto wa Kimarekani akisema hivyo ujue ameshachagua gauni.

Kwetu, mkija kuuliza ua, mzazi hukataa kwanza. Husema hana binti. Mnarudi, husema binti bado mdogo. Mnarudi tena, anaumwa mgongo. Ni heshima. Lakini mimi nilitazama ile kreti, nikamwona Devi ameinua kitaulo. Nikakumbuka tena jambo moja ambalo kila Mkongomani wa kwetu analijua na ambalo hakuna profesa wa Ulaya aliliandika.

“Nimekubali,” nikasema.

Chai niliyomkaribisha ikamtoka muzee puani. “Mama… leo?”

“Leo. Tufungue chupa.”

“Mom!” Zawadi akapiga kelele jikoni. “You’re supposed to say no first!”

“Nyamaza, unaolewa.”

Nikanywa mbele ya mashahidi. Na tangu chupa ile ilipofika mdomoni mwangu, mimi nikawa mama mkwe wa Bienvenu.

Ninyi mliozaliwa huku sijui kama mnaelewa. Mwanaume wa kwetu hamtazami mkwe wake machoni. Hapazi sauti mbele yake. Hali mbele yake. Hampi kitu mkononi. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia majanini. Hakuna cheo kinachokutoa kwenye sheria hiyo. Nimewahi kumwona kanali mzima, na bastola kiunoni, amejificha nyuma ya mgomba kwa sababu mkwe wake anapita na ndoo.

Jumatatu Bienvenu akapanda toroli. Fulana nyeusi, kifua mbele, mkono juu. “Bandugu! Shifti ya…”

Akaniona. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimejifunga kitenge cha Jumapili.

Macho yakashuka. Mkono ukashuka. Kifua kikarudi ndani kama antena ya redio. Hotuba yote iliyobaki juu ya nguvu na damu aliitoa kwa kunong’ona, akiliangalia gunia la foronya. Watu wakasema, “Nini? Ongeza sauti!” Hakuongeza. Akashuka kinyumenyume, akajikwaa.

Njia kati ya mashine ni nyembamba. Kila nilipotokea upande huu, shefu alizunguka kiwanda kizima kupitia upande wa mashuka machafu. Breki akala ndani ya stoo ya sabuni. Saluti ikafa yenyewe, kwa sababu nani ainue taulo akimwona kiongozi anachungulia pembeni kama mwizi wa kuku?

Msifikiri mimi sikulipa. Heshima hiyo ni ya pande mbili. Na mimi sikuruhusiwa kumcheka, wala kumsema, wala kumwambia moja kwa moja neno lolote. Mimi! Niliuma ulimi mpaka ukawa na pembe. Nilipotaka kitu ilibidi nipitie kwa mtu wa tatu.

“Erasto,” nikasema siku moja wiki ile, Bienvenu akiwa hatua chache tu, anaangalia ukuta. “Mwambie mtu fulani kwamba hapa sakafuni kuna manyoya, na mimi nataka ufagio.”

Erasto akameza mate. “Bwana Bienvenu, mama anasema anataka ufagio.”

“Mwambie mama,” akajibu ukuta, “ufagio uko ndani ya fungu.”

“Mama, ufagio uko ndani ya…”

“Nimesikia. Mwambie mtu fulani, na mwiko wangu pia.”

Watu wakaacha mataulo, wakageuka. Mashine tu zilikuwa zinazunguka. Bienvenu akasimama mbele ya lile fungu muda ambao shuka mbili zingepita. Kisha akatoa kisu, akakata utepe. Fagio na mopu zikaanguka sakafuni kwa kishindo, kila moja upande wake. Akachukua ufagio mmoja na mwiko, akavisimamisha ukutani karibu yangu bila kunitazama, akarudi nyuma ameinama. Nchi nyingine zilihitaji majeshi. Mimi nilihitaji kreti ya soda.

Ijumaa meneja akaja hadi kwenye mashine yetu. Akamuuliza shefu: nani mzembe hapa, nipe jina. Mimi nilikuwa nimeshika pembe mbili, Devi amezishika zake mbili. Kumtoa Devi ilikuwa ni kunyang’anya shuka mkononi mwa mama mkwe, mbele ya watu. Bienvenu akaangalia viatu vyake. Akanong’ona kwamba hakuna mzembe. Meneja akamwomba arudie. Akarudia. Meneja akainua mabega, akaenda zake kutafuta pengine pa kupunguza. Alipunguza soda ya bure.

“Haya, vuta,” Devi akasema. Tukavuta.

Harusi ilikuwa nzuri. Devi alikuja na ndoo ya achari, wakwe zangu wote walilia. Erasto alimaliza udaktari wake. Alitaka kuniweka ndani ya kitabu, profesa wake akasema mama mkwe si nadharia. Zawadi na mumewe wakahamia hapa Buffalo, Lower West Side, wakanivuta na mimi, nikamalizia kazi kwenye kiwanda chenu. Bienvenu ni baba mzuri. Kwetu kuna zawadi ya kufungua sheria hiyo ya mkwe ili mle meza moja, na yeye ameshaileta mara nyingi. Naipokea, nasema nitaifikiria. Kufikiri hakujanilegeza bado.

Ninawaachia mikono yangu: gumba ndani ya pindo, kung’uta kabla, achia mapema. Mkipata mwenzi anayevuta sawasawa, msimwachie mtu yeyote amguse.

Nasikia kwenye shifti yenu kuna kijana ameanza kupanda juu ya toroli. Nasikia ana sauti nzuri, na ameulizia bei ya fulana nyeusi. Mwambieni mimi nimestaafu lakini sijafa. Mwambieni nyumbani bado nina binti mmoja.

Riziki anasema hachapi hilo. Nimemwambia chapa. Amechapa.